KOTI JEKUNDU LA MANCHESTER



Katika vijiji vyetu hapakosi kijana anayelijua jina la Manchester. Mwulize makao makuu ya mkoa wa jirani, huenda akababaika. Lakini mwulize nani alifunga bao Jumamosi iliyopita, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Timu ile ya mashati mekundu ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli. Na wale wa rangi ya samawati walianza mwaka 1880. Hayo vijana wayajua kuliko mimi, nami leo sitawapeleka uwanjani. Nataka tutembee pamoja kwa miguu katika mji huu, niwaonyeshe jambo jingine, yaani nguo. Kisha nina neno langu la kuungama mbele yenu, hasa mbele ya akina dada na wazazi wao.

Mimi ni binti wa wakulima wa pamba, wilaya ya Maswa. Nilipokuwa shuleni nilipenda mitindo kuliko hesabu, nasema kweli. Jioni tulikuwa tukijikusanya wasichana wanne juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka, tukiwatazama waimbaji wa Bongo Fleva na wa Ulaya na Marekani. Wimbo wenyewe hatukuusikiliza sana. Tulitazama viatu, nywele, makoti, na taa za mji nyuma yao. Nikajisemea moyoni, "Kule ndiko waliko watu, sisi huku tumesahauliwa." Mwaka 2023 nikapata kazi ya kuwatunza wazee huku Uingereza. Baba akauza ng'ombe wanne, nikapanda ndege Dar es Salaam, nikapita Doha, nikashuka Manchester.

MJI WA MATOFALI NA MVUA

Nilifika mwezi wa Novemba. Saa kumi jioni kumbe giza limekwisha ingia! Mvua ya hapa si kama ya kwetu, inayokuja na ngurumo, ikamwaga maji yake, ikaondoka zake. Ya hapa ni manyunyu tu, lakini yanashinda na kulala. Nyumba nyingi za zamani ni za matofali mekundu ya kuchoma, zimepangwa safu moja kama wanafunzi mstarini. Katikati ya mji hupita tramu, yaani magari ya reli ya rangi ya manjano, yakipita njia moja na watu wa miguu.

Wiki ya kwanza niliona jambo la kunishangaza. Watu hawakuvaa kama nilivyowaona kwenye simu. Wengi walivaa makoti meusi na raba, vichwa chini, wanakimbilia basi. Nikajiuliza, wale wa kwenye nyimbo wanakaa mtaa gani?

BAO LA BEI

Sasa, msomaji, njoo nami hadi uwanja mdogo uitwao St Ann's Square. Karibu nao pana jengo kubwa sana, jina lake Royal Exchange. Zamani hapa ndipo wafanya biashara wa pamba na nguo walipokutana kupatana bei, maelfu ya watu katika ukumbi mmoja. Leo ndani yake mna jumba la michezo ya kuigiza, lililofunguliwa mwaka 1976. Lakini inua macho ukutani juu. Utaona bao la bei za pamba. Biashara ilikoma hapo mwaka 1968, na zile bei za siku ya mwisho zimeachwa vile vile hata leo.

Mara ya kwanza nilipoliona bao lile nilisimama kimya. Nilimkumbuka baba yangu na mzani wa pamba kijijini, jinsi anavyosimama na kofia mkononi akingoja kusikia bei ya mwaka huu. Bei ile hakuipanga yeye, wala mama aliyepalilia, wala sisi watoto tuliokuwa tukichuma hata vidole vikachubuka. Inatoka mbali. Basi nikaona, kumbe hapa ndipo palipokuwa mojawapo ya ile mbali.

Mji huu ulikuzwa na pamba. Mwaka 1830 ilifunguliwa reli kati yake na bandari ya Liverpool. Mwaka 1894 wakamaliza kuchimba mfereji wa kilometa 58 ili meli za baharini zifike mpaka mjini. Mwaka 1913 viwanda vya nchi hii viliuza ng'ambo nguo za pamba kadiri ya yadi milioni elfu saba. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Kwa miaka mingi pamba hiyo ililimwa na watumwa weusi huko Marekani, na katika viwanda vya hapa walifanya kazi hata watoto wadogo. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika, na njaa ikaingia katika nyumba za wafanyakazi. Hata hivyo wafanyakazi wa Manchester walikutana mwisho wa mwaka 1862 wakamwandikia Rais Abraham Lincoln kuunga mkono vita dhidi ya utumwa. Naye akawajibu kwa shukrani Januari 1863. Sanamu yake ingalipo mjini hapa.

Viwanda vile vya mtaa wa Ancoats sasa ni nyumba za kupanga za watu wenye fedha, na chini yake mna mikahawa ya kunywa kahawa. Vitambaa vinafumwa nchi nyingine. Hata vitenge, katika mji wa Hyde karibu na hapa, palikuwa na kiwanda cha kuvichapa kwa ajili ya Afrika Magharibi, na kazi hiyo ikahamishiwa Ghana mwanzoni mwa karne hii.

NGUO KUUKUU, BEI MPYA

Tukitoka hapo tupande Market Street, njia ya maduka. Hapa nguo mpya ni rahisi mno. Fulana moja yaweza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Wasichana hununua leo, huvaa mara mbili, huchoka nayo. Mitindo hubadilika kabla kitambaa hakijachujuka.

Geuka kidogo, ufike Afflecks, jengo la ghorofa kadhaa lenye vijiduka vingi, lililoanza mwaka 1982. Vijana wanapapenda sana. Nami niliingia kwa shauku, kwa kuwa niliambiwa ndiko kwenye fasheni yenyewe. Je, nilikuta nini? Nguo kuukuu! Jinzi zilizochakaa magotini, makoti ya babu zao, mashati ya miaka ya themanini, tena bei yake inazidi ile ya nguo mpya. Nilicheka peke yangu. Kwetu, ukivaa mtumba husema, ila huosha na kupiga pasi ili usijulikane. Huku mtu hujivuna kwamba nguo yake ni ya zamani.

Tena katika kila mtaa pana maduka ya hisani. Watu huleta bure nguo wasizozitaka, duka huziuza rahisi, na fedha husaidia wagonjwa au maskini. Zisizouzika hufungwa na kupelekwa kwa wachambuzi, na nyingi huvuka bahari. Basi siku moja nilimwona mama mmoja akishusha mfuko garini, nami nikaujua mwisho wa safari yake. Utakuwa belo, utapasuliwa mnadani, na mwanamke wa Maswa atainama kuchagua. Wazee wetu waliziita nguo hizo "kafa Ulaya", wakidhani wenyewe wamekufa. Kumbe hawakufa, wamechoka nazo tu.

Jambo hili si la kucheka tu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo hata ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vyetu vipate nafasi. Marekani ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Nasi tungali tunauza ng'ambo sehemu kubwa ya pamba yetu ikiwa haijafumwa, kisha twanunua shati alilovua mwingine.

GAUNI LA CHINI YA MWEMBE

Nisiwafiche mema. Siku za jua mwezi wa Julai mji huu huchangamka. Bustani hujaa watu, na muziki wa Kiafrika husikika katika magari na madukani. Siku moja nilivaa gauni la kitenge alilonishonea fundi wa kijijini kwetu, yule mwenye cherehani chini ya mwembe. Msichana wa Kiingereza, mfanyakazi mwenzangu, aliniuliza, "Duka gani hilo? Nami nalitaka." Nikamwambia si duka, ni mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakusadiki. Alitaka nimwagizie la kwake, na nikamwagizia. Fundi yule alilipwa mara tatu ya bei yake ya kawaida, na hata leo huulizia kama kuna Mzungu mwingine.

Nilifikiri sana usiku ule. Nilikimbia kutafuta uzuri ulioko mbali, kumbe mwenzangu autamani ule nilioukimbia.

PICHA YENYEWE

Sasa nifike kwenye ungamo langu. Desemba ya mwaka wangu wa pili nilinunua koti jekundu katika duka la hisani kwa paundi 8. Lilikuwa zuri, ila bitana imechanika ndani. Nikasimama mbele ya dirisha la duka kubwa ambalo sijanunua humo hata soksi, taa zikiwaka nyuma yangu, nikapiga picha, nikaituma nyumbani. Kijiji kizima kiliiona. Mama akaniombea. Wasichana wenzangu wakaandika, "Umefika!"

Picha haikuonyesha kwamba nilitoka kazi ya usiku, saa kumi na mbili bila kuketi. Haikuonyesha kwamba mwajiri wangu wa kwanza alinipa saa chache kuliko alizoahidi, hata miezi miwili nikala wali mtupu. Mwezi wa Aprili 2025 mshahara wa chini wa mtu wa miaka 21 na zaidi uliwekwa kuwa paundi 12 na peni 21 kwa saa, zaidi ya shilingi elfu 30. Ukiyasikia hayo ukiwa Maswa, waona utajiri. Lakini chumba changu kimoja nalipa paundi 520 kwa mwezi, nauli juu yake, na chakula, na kodi ya serikali, na deni la safari. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na hapa maji ya mvua hayakosekani.

Mwaka 2025, mwezi wa Agosti, mdogo wangu wa kike aliniandikia kwa furaha. Amepata mtu wa kumtafutia kazi kama yangu. Baba amekubali kuuza ng'ombe watatu waliobaki na sehemu ya shamba. Mwisho akaandika, "Dada, nami nalitaka koti kama lile."

Mikono yangu ilitetemeka. Maana Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha funga mlango huo tarehe 22 Julai 2025. Tangu siku hiyo haipokei maombi mapya ya watunza wazee kutoka nje. Mtu yule alikuwa anauza tiketi ya gari lililokwisha ondoka. Na aliyemwandalia mdogo wangu moyo wa kumsadiki ni nani? Ni mimi, na picha yangu.

Nilipiga simu usiku ule ule. Mdogo wangu alikasirika. Alisema, "Wewe umekwisha pita, sasa wataka kuufunga mlango." Neno hilo liliniuma, maana siwezi kulilaumu. Basi nikafanya jambo moja. Nililigeuza koti ndani nje, nikaipiga picha ile bitana iliyochanika. Nikapiga na picha ya chumba changu, na ya miguu yangu iliyovimba asubuhi, na ya karatasi ya mshahara. Nikamtumia zote, yeye na baba.

Siku nne hakunijibu. Siku ya tano baba alipiga simu. Alisema maneno machache, kama kawaida yake: "Ng'ombe wamo zizini. Na wewe, unakula?" Nililia, wasomaji, sikuweza kujibu.

Simwambii mtu asisafiri. Mimi mwenyewe ningali hapa, nalipa deni, na wazee ninaowatunza nawapenda. Lakini, wazazi, kabla hamjauza kitu, ulizeni haya: Je, mlango huo uko wazi leo, kwa sheria ya leo, wala si ya mwaka juzi? Mwajiri ni nani, naye ameandika ahadi ya saa ngapi za kazi? Na kwa nini fedha zadaiwa upesi hivyo? Na sisi tulioko ng'ambo, tutumapo picha, tutume na bitana.

Mdogo wangu sasa anajifunza kushona kwa yule mzee wa chini ya mwembe. Bado ana kinyongo nami kidogo. Wiki iliyopita aliniomba vipimo vya yule msichana wa Kiingereza.

Nawasalimu nyote,
Binti yenu wa Maswa, niliye Manchester.