Kupanda Mara ya Pili

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na katika nyumba nyingi za waumini hakuna mwezi wenye maombi mengi kama huo. Waliofaulu hupewa nafasi ya kutoa shukrani mbele ya usharika. Wale ambao matokeo yao hayakuwa mazuri hukaa viti vya nyuma pamoja na wazazi wao, na habari zao tunazisikia mara chache. Tumeona vema kuandika kwa ajili yao, kwa sababu mwaka jana nasi tulikuwa miongoni mwao.

Binti yetu alisoma PCB, akitaka kuwa daktari tangu utoto wake. Alipata D ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia: daraja la tatu. Kwa hesabu za udahili wa vyuo, ambako A ni pointi 5 na E ni pointi 1, zile D mbili zilimpa pointi 4, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kuombea shahada. Mlango wa chuo kikuu ulikuwa wazi, ila ule wa udaktari ulikuwa umefungwa. Ama aombe kozi nyingine, ama ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia mtihani Mei inayofuata. Tulikuwa na majuma machache tu ya kuamua.

Wapendwa walikuja kutufariji, kila mmoja na andiko lake. Mmoja alitukumbusha Petro, aliyevua usiku kucha bila kupata kitu, akashusha nyavu tena kwa neno la Bwana. Basi binti arudie. Mwingine alitukumbusha Paulo, aliyejaribu kwenda Bithinia na Roho asimruhusu, basi tusilazimishe. Yote mawili ni Neno la Mungu. Tulipiga magoti siku nyingi tukiomba kujua letu ni lipi kati ya hayo. Hatukusikia sauti wala hatukuota ndoto.

Lililotusaidia ni jambo tunalolijua sote tuliokulia Ugogo. Huku mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, tena haba. Mara nyingi mtama au uwele ukishachipua, mvua hukatika na miche hukauka. Mkulima hakimbilii kusema kwamba Mungu amekataa, wala hapandi tena kwa sababu ya uchungu tu. Hujiuliza mambo matatu. Miche ya kwanza imekufa kwa nini? Mbegu iliyobaki inatosha bila kuwanyima watoto chakula? Na siku za mvua zilizobaki zinatosha kukomaza? Akipanda tena, huchagua mbegu ya muda mfupi. Kisha huomba mvua.

Tukakaa na binti yetu tukaulizana hayo hayo. La kwanza alilijibu waziwazi: shuleni kwao walikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, na sehemu kubwa aliisoma kwa kunakili daftari za wenzake. La tatu lilikuwa jepesi, kwa maana ana miaka 20 tu. La pili ndilo lililotugawa. Akiba yetu ni mshahara mmoja na shamba dogo la zabibu Hombolo, na nyuma yake wapo wadogo zake wawili. Kulipia masomo ya ziada na mahali penye maabara kulimaanisha kuuza mbuzi. Mmoja wetu alikuwa tayari. Mwingine aliogopa tusije tukamjenga mmoja kwa kuwabomoa wawili.

Binti ndiye aliyetuvusha. Alisema, "Baba, mama, kama mnataka nirudie ili mkasimame kushuhudia kanisani, sitaweza. Lakini kama ni kwa sababu Fizikia sikufundishwa, nataka nifundishwe."

Tuliuza mbuzi wanne, wala hatukugusa karo ya wadogo zake. Mwalimu mstaafu wa usharika wetu akajitolea kumfundisha Fizikia kila Jumamosi. Tulikubaliana arudie mara moja tu. Asipopata alama za udaktari, ataombea ualimu wa Kemia na Biolojia kwa zile D mbili, na nyumbani kwetu hakuna atakayeita jambo hilo kushindwa.

Mei amefanya mtihani. Tunaandika haya matokeo yakiwa bado, nasi tumefanya hivyo kwa makusudi. Tungesubiri afaulu, msomaji angedhani kwamba kufaulu ndiko kulikothibitisha uamuzi wetu. Tunaamini Mungu alitujibu mapema zaidi, pale alipotupa utulivu wa kuuliza na ujasiri wa kumsikiliza mtoto.

Ndugu, ukiwa na mtoto aliyekwama, usiharakishe kumwambia kwamba Mungu amefunga, wala kwamba Mungu atafungua. Keti naye. Hesabuni mbegu, hesabuni siku. Mkiona inafaa kupanda, pandeni, na mvua mwachieni Bwana. Mkiona haifai, lipo shamba jingine, naye Bwana yupo huko pia.