Kunakili Nyimbo za Kwaya: Je, ni Wizi?



Katika maduka ya kurushia nyimbo, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au mjini Iringa, mteja hutoa flashi, hulipa fedha kidogo, na baada ya dakika chache ana nyimbo za kwaya za kumtosha safari nzima hadi Dar es Salaam. Mwenye kompyuta amelipwa. Mtunzi na wanakwaya hawajalipwa. Sisi tunaosoma falsafa tumebishana sana juu ya jambo hili: je, ni wizi?

Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni wizi, kwa kuwa amri ya saba inaukataza. Lakini falsafa hutufundisha kuanza na maana ya neno. Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema wizi ni kuchukua kwa siri kitu cha mwingine. Mbuzi akiibwa, zizi la jirani linabaki na pengo. Wimbo ukinakiliwa mara elfu, kwaya bado inao, na Jumapili itauimba. Tena Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kisha ulinzi huo hukoma. Jembe la marehemu babu haliwi mali ya umma baada ya miaka 50; wimbo wake huwa. Kumbe umiliki wa wimbo si sawa na umiliki wa jembe.

Basi hakuna dhambi? La hasha. Kwaya ilichangishana nauli, ikalipa studio, ikafanya mazoezi miezi kadhaa baada ya kazi za shamba. Kinachochukuliwa pale dukani si wimbo, ni ujira. Na Mtume Yakobo (5:4) anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unamlilia Bwana. Katekisimu nayo inauhesabu udhalimu huo kati ya dhambi zinazolilia mbinguni. Hivyo, kukataa neno "wizi" hakupunguzi uzito wa kosa.

Tofauti hii inatusaidia pia kujua namna ya kurekebisha. Aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi. Aliyenakili wimbo hatengenezi neno kwa kuufuta kwenye flashi. Anapaswa kulipa: anunue kazi halali, au aichangie kwaya. Vilevile tusimhukumu kwa kipimo kimoja mwenye duka anayefanya biashara na mwalimu wa kwaya kigangoni anayenakili nota kwa mkono ili waamini waimbe Misa. Watunzi wengi humpa huyo wa pili kwa furaha, akiomba tu.

Tukimwita mwenye duka mwizi, atatujibu kwamba hajachukua kitu cha mtu. Tumwulize badala yake: ujira wa kwaya uko wapi? Nasi wenye flashi mifukoni tujibu swali hilohilo.