Boxer na TVS Zina Wenyewe

Ndugu msomaji, iwapo wewe ni mkazi wa Dar es Salaam, bila shaka umekwisha kufika Mbezi Mwisho. Na iwapo u mgeni kutoka mikoani, yaelekea hapo ndipo ulipoukanyaga mji huu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kituo cha Mabasi cha Magufuli ndicho kinachoyapokea mabasi ya bara. Lakini leo sikualiki kituoni. Nakuomba uiache Barabara ya Morogoro pamoja na makelele ya wapiga debe wake, uishike njia iendayo Makabe, kisha usimame nami hatua chache tu kutoka hapo konani. Pana kijiwe cha bodaboda, na pana ugomvi ambao haujapata msuluhishi.

Huko ndani, Makabe, Msakuzi na hata Mpiji Magohe, watu wamejenga juu ya vilima na kando ya makorongo, na daladala haiwezi kufika kila mlango. Mfanyakazi arudiye saa tatu za usiku, mama aliyembeba mtoto mwenye homa, mwanafunzi aliyechelewa mtihani, wote hao tegemeo lao ni pikipiki. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha abiria kutoka boda hadi boda. Baadaye jina likashuka kwenye baiskeli, likapanda pikipiki, na hivi leo halina haja ya mpaka wowote.

Pale kijiweni pikipiki zimepangwa safu mbili. Mgeni angedhani kwamba safu moja ni ya waendao Makabe na nyingine ni ya waendao Goba. La hasha! Safu ya kulia ni ya Boxer, na safu ya kushoto ni ya TVS. Zamu ya kubeba abiria inajulikana na inaheshimiwa, ila kila dereva huegesha kwa ndugu zake wa chapa moja. Pikipiki chache zilizotoka China huegeshwa nyuma kabisa, na wenyewe hukaa kimya kama wageni waliokuta wenyeji wanagombana.

“Kaka, unakwenda Makabe?” alinikaribisha kijana mmoja wa safu ya kulia. “Panda chuma hiki. Mlima wa Makabe kwake ni tambarare.”

“Kaka, usimsikilize,” akadakia mwenzake wa kushoto. “Mwulize asubuhi hii ameweka mafuta ya shilingi ngapi, kisha njoo uniulize mimi.”

Basi ugomvi ukawaka. Mmoja alisifu uvumilivu, wa pili alisifu wepesi wa kuwaka asubuhi, wa tatu aliapa kwamba yake imekwisha kubeba magunia mawili ya mkaa na mwenye magunia juu yake. Ungedhani ni Jumamosi ya Simba na Yanga. Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini Mbezi Mwisho wanakaa, tena kutwa nzima.

MAJINA YALIKOTOKA

Nilipowauliza iwapo wanafahamu majina wanayoyapigania yalitoka wapi, walitazamana. Pengine hata wewe, ndugu msomaji, hujapata kujiuliza.

Boxer hutengenezwa na kampuni ya Bajaj ya India. Bajaj ni jina la ukoo, na mwasisi wa shughuli za ukoo huo, Jamnalal Bajaj, alikuwa mfuasi wa karibu wa Mahatma Gandhi katika harakati za uhuru wa India, hata Gandhi akamhesabu kuwa kama mwanawe. Herufi za TVS nazo zatokana na jina la T. V. Sundaram Iyengar, aliyeanzisha biashara ya mabasi katika mji wa Madurai, kusini mwa India, mwaka 1911. Kwa hiyo majina yote mawili ni ya wazee wa nchi moja.

La kuchekesha zaidi ni kwamba hata ualimu wao unakaribiana. Katika miaka ya 1980 Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, na TVS ikashirikiana na Suzuki. Zote mbili ziliketi darasani kwa Wajapani. Na huko Ujapani nako ndugu walipigana kabla yao. Honda, Suzuki na Yamaha zote zilichipukia katika mji wa Hamamatsu: Suzuki ilianza na mitambo ya kufumia nguo mwaka 1909, Yamaha ilianza na vinanda, na Soichiro Honda alianza mwaka 1946 kwa kufunga injini ndogo za jeshi katika baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Yamaha ilitangaza kwamba itaipiku Honda kwa pikipiki. Honda ilijibu kwa kumimina sokoni aina mpya mfululizo, hata mwaka 1983 Yamaha ikakiri kushindwa.

Vijana walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye vita vyao. Kijana mmoja wa safu ya kushoto, mwenye maneno makali kuliko wote, alikuwa akieleza kwamba kwake neno Bajaj halipiti mlangoni. Nikamuuliza, “Juzi mkeo alipokwenda kliniki, alikwenda kwa usafiri gani?”

“Kwa bajaji,” akajibu bila kufikiri. Alipotambua alilolisema, akaongeza upesi, “Bajaji ya TVS!”

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Naam, hivyo ndivyo lugha yetu ilivyoamua. Kila chombo cha magurudumu matatu ni bajaji, awe amekitengeneza Bajaj au mshindani wake.

MLIMANI

Nilipanda pikipiki ya kijana mpole, ambaye wakati wa mabishano alisema machache lakini kwa uchungu. Chapa yake sitaitaja, na sababu utaiona. Alivaa kofia ngumu yake. Ya abiria haikuwepo, nami nikapanda kichwa wazi, ingawa najua kwamba sheria yataka dereva na abiria wote wawili waivae. Nakiri kosa hilo mbele yako, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaoandika kuwaonya wengine.

Tulipofika katikati ya mteremko wa pili tukiupanda, nilisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Injini ikanguruma, lakini pikipiki ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Kijana akashika breki, akateremsha mguu, akaniambia kwa sauti ya chini, “Shuka taratibu, kaka.” Nilishuka magoti yakitetemeka. Lori la mchanga lilitupita likipiga honi. Cheni ilikuwa imekatika, imelala mchangani kama nyoka aliyeuawa.

Ukiitazama ungeona kwamba ilikwisha siku nyingi. Meno ya sproketi yalikuwa yamechongoka, na hapakuwa na chapa ya kulaumiwa hapo. Nilimuuliza kwa nini hakubadilisha.

“Kaka, nimebakiza wiki mbili,” alisema.

Maneno hayo wayaelewa vema iwapo una ndugu anayeendesha bodaboda. Tajiri hununua pikipiki akampa kijana kwa mkataba, naye kijana humpelekea hesabu kila siku hadi mkataba utimie. Tuchukue mfano wa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa majuma 52. Jumla ni shilingi 3,120,000. Katika muda huo mafuta ni ya kijana, oili ni ya kijana, cheni ni ya kijana, na siku akiugua hesabu haiugui pamoja naye. Muda wote huo kadi ya pikipiki imo kabatini mwa tajiri, na jina lililomo ni la tajiri. Kijana wangu aliogopa kwamba akitoa fedha ya cheni atapungukiwa hesabu, akipungukiwa atazua maneno, na maneno katika wiki mbili za mwisho yanaweza kuuvunja mkataba wa mwaka mzima.

Nikamwuliza, “Chapa hii uliichagua mwenyewe?”

“Alichagua tajiri. Mimi nilikabidhiwa ufunguo.”

“Mbona uliitetea kama mali yako?”

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. “Ndiyo inayonilisha, kaka. Mtu atamtukana mama yake kwa kuwa hakumchagua?”

Kabla sijapata la kujibu, pikipiki ya safu ile nyingine ikatokea ikitoka mjini, na aliyeiendesha ni yule yule mwenye maneno makali. Hakucheka wala hakusema neno. Aliteremka, akaisaidia cheni kutoka kwenye gurudumu, akamwambia mwenzake apande na ashike usukani barabara. Kisha akapanda yake, akauegemeza mguu wake kwenye kikanyagio cha pikipiki iliyokufa, akaisukuma hivyo hivyo kuelekea kwa fundi, taratibu, ubavu kwa ubavu. Mimi nilifuata kwa miguu.

KWA FUNDI

“Shikamoo mzee,” nilimsalimu fundi.

“Marahaba mwanangu. Keti hapo kwenye tairi.”

Mzee huyu huzihudumia safu zote mbili. Nilimuuliza ipi ni bora, naye akaendelea kugonga pini ya cheni bila kuinua kichwa. “Cheni haijui kusoma,” alisema. “Hailijui jina lililoandikwa kwenye tangi.”

Kisha alinieleza jambo ambalo vijana hawakulisema kijiweni. Dereva hushikamana na chapa kwa sababu vipuri vyake vinapatikana katika kila duka la mtaani, bila kupoteza nusu siku kwenda Kariakoo. Hushikamana nayo kwa sababu fundi wa jirani anaweza kuifungua gizani, na kwa sababu siku akitaka kuiuza mnunuzi yupo. Pikipiki iliyo nzuri lakini isiyo na spea, alisema mzee, ni pambo la uani. Hivyo, ndugu msomaji, ushabiki unaousikia pale konani si upuuzi mtupu. Chini yake mna hesabu ya mtu ambaye siku moja bila kazi ni siku moja ya deni.

Bei ya cheni ilijadiliwa. Kijana alitoa alichokuwa nacho, mpinzani wake akaongezea, nami nikalipa nauli yangu yote ingawa nilifikishwa nusu ya njia, pamoja na kilichopungua. Mpinzani alipoiwasha yake kurudi kijiweni ndipo alipofungua kinywa: “Leo umesukumwa na chuma cha kweli. Ukasimulie!”

Wiki tatu baadaye nilirudi Mbezi Mwisho. Nilimkuta kijana wangu ameegesha kwenye safu yake ile ile. Alitoa mfukoni karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaikunjua kwa vidole viwili ili isipate mafuta. Ilikuwa kadi ya pikipiki na hati ya mauziano, ambayo angeipeleka ili jina libadilishwe. Kwenye usukani zilining’inia kofia ngumu mbili.

Nilimdokeza kwamba sasa, akiwa mwenye mali, anaweza kuiuza na kununua chapa aitakayo. Safu ya pili ilisikia, ikaanza kumwita kwa mbwembwe. Alitikisa kichwa.

“Nitabaki na hii,” alisema. “Ila mara hii nimeichagua mwenyewe.”

Ndugu msomaji, utakapofika konani hapo, vijana watakuvuta kulia na kushoto, na kila mmoja atakutajia jina. Wasikilize, kwani maneno yao ni matamu. Lakini kabla hujapanda, itazame cheni, uombe kofia ngumu. Na iwapo wewe ndiye tajiri mwenye kadi kabatini, muulize kijana wako leo jioni cheni yake ina hali gani, kabla hujamuuliza hesabu.