Raba za Breki

Mtu anunuapo baiskeli hutazama rangi yake, hupiga kengele yake, hujaribu kiti chake, kisha huuliza kama ina mwendo. Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza kama baiskeli hiyo husimama. Mwendo husifiwa na kila mtu. Kusimama husahauliwa mpaka siku kunapotakiwa. Kwa hiyo, msomaji, nipe nafasi nikueleze habari za kitu kidogo, kisichozidi urefu wa kidole, ambacho hununuliwa kwa fedha chache na kulinda kitu kisichonunuliwa. Nasema juu ya raba za breki.

Mimi ni mwalimu, na makazi yangu yako katika milima ya Taita. Barabara itokayo Wundanyi kwenda Mwatate hushuka kwa kupindapinda ubavuni mwa mlima, na sehemu yake ndiyo njia yangu ya kwenda kazini. Juu ya keria yangu huwa na mizigo miwili: mfuko wa madaftari ya wanafunzi, na mwanangu wa miaka sita, ambaye hunishika kiuno na kuimba njia nzima. Madaftari yakianguka huokotwa. Mtoto hajui kama raba zangu ni nzima au zimekwisha. Hakuulizwa, wala hajui la kuuliza. Njiani wamo na wengine: mama aliyejitwika ndizi, watoto waendao shule, mbuzi wa watu. Wote hao hutegemea raba wasizoziona.

Elewa kwanza kazi ya breki. Ukibana mkono wake, raba huikamata rimu, na msuguano hugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi hiyo haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Baiskeli iendayo kilometa 30 kwa saa huhitaji umbali mara nne ili isimame kuliko iendayo kilometa 15, ijapokuwa breki ni ile ile. Mteremko nao huendelea kusukuma, na mzigo huongeza uzito. Ndiyo sababu raba iliyotosha kiwanjani hushindwa mlimani.

Raba nyingi mpya huwa na mifereji usoni. Mifereji ikifutika, siku zake zimekwisha. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, umechelewa: kikombe kinachoshika raba kimeanza kuila rimu, na rimu ni ghali kuliko raba nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tazama pia kama mchanga au chembe za chuma zimejichoma ndani ya raba. Zichokoe kwa ncha ya kisu. Na raba iliyokaa miaka mingi juani huwa ngumu kama mti. Hata ikiwa nene, huteleza.

Zangu zilipofikia hali hiyo, niliisukuma baiskeli kwa miguu mpaka Mwatate, na raba moja kuukuu mfukoni. Nakushauri nawe uende na ya zamani, kwa maana raba si za namna moja. Baiskeli nyeusi za kizamani, zenye breki za vyuma virefu, huivuta raba ikabana rimu kwa ndani, upande wa spoki. Baiskeli zenye breki za waya huibana rimu ubavuni, kushoto na kulia. Raba ya hii haifai kwa ile.

Muuza duka aliniwekea aina mbili mezani. "Hizi rahisi, mwalimu, na hizi zina bei kidogo. Zote ni raba."

Nikazibonyeza kwa ukucha. Zile rahisi zilikataa kubonyea kabisa. Zile nyingine zilibonyea kidogo, kisha zikarudi kama zilivyokuwa. Fundi aliyeketi barazani alikuwa akinitazama.

"Mwalimu, ya nini kupoteza pesa? Nikukatie kipande cha tairi kuukuu. Wengi hapa hutumia hicho."

"Ahsante, fundi. Viatu vya tairi nimevaa, na ni imara. Lakini kipande hicho kitashika rimu ikilowa?"

Akafikiri, kisha akajibu kwa uaminifu, "Ikilowa, utatumia miguu."

Simdharau fundi yule, wala simdharau atumiaye tairi kwa kukosa fedha. Kila mtu hujisaidia kwa alicho nacho. Lakini mimi nilikuwa na uwezo wa kuchagua, na mwenye uwezo wa kuchagua hana udhuru. Tofauti ya bei ilikuwa sawa na sukari yetu ya siku chache. Nyumbani tulikunywa chai isiyo tamu, na mwanangu alilalamika. Niliyasikia malalamiko yake kwa furaha.

Neno la kulowa lina uzito. Rimu za chuma zilizopakwa kromu huteleza sana zikipata maji, kuliko rimu za alumini; ndiyo sababu watengenezaji wengine walitia ngozi kwenye uso wa raba zilizokusudiwa rimu za chuma. Wakati wa mvua, bana breki kidogo mapema, ili raba ipanguse maji kabla hujaihitaji kwa nguvu.

Ukizifunga raba mpya, angalia mambo manne. Uso wote wa raba uiguse rimu, wala usiguse tairi, kwa maana utalikata. Raba za pande mbili ziwe na nafasi sawa. Ikiwa kikombe cha chuma kina upande mmoja wazi na mmoja uliozibwa, ule uliozibwa uelekee kule rimu inakokwenda. Ukigeuza, raba itachomoka siku utakapobana kwa nguvu. Mwisho, pangusa rimu kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa tone la mafuta huharibu kazi yote. Kisha jaribu mahali tambarare, ukienda polepole, kabla ya kuukabili mlima.

Pengine kwenu iko baiskeli, ya baba au ya kaka, nawe hutumwa nayo dukani au kisimani. Usingoje uambiwe. Iinamie leo kabla jua halijatua, bana breki zote mbili, uisukume mbele. Magurudumu yakizunguka, mwambie mwenyewe kwa adabu, wala usiipande mpaka raba zibadilishwe.