Barafu katika njia ya Masereka

Jumapili wengi mlituuliza kwa nini tulichechemea tukiingia kanisani. Habari yenyewe ni hii.

Tulikuwa watano: walimu watatu, muuguzi mmoja na mwenzetu mkulima anayejua kila kijia cha Masereka. Tangu masomo yafunguliwe tulikuwa tumeahidiana kupata siku moja ya kutembea bila kitunga mgongoni, bila mtoto, bila madaftari ya kusahihisha. Bwana wa mmoja wetu alicheka sana. "Kupanda mlima na hamuendi shamba? Munatafuta nini kule?" Hatukuwa na jibu, lakini tulienda.

Tulitoka saa kumi na mbili ya asubuhi. Masereka iko juu, zaidi ya mita 2,000, na watu wa Beni wakifika kwetu hutafuta sweta kabla ya kutafuta kiti. Mstari wa ikweta unapita karibu na Butembo, tunaufundisha darasani kila mwaka, na bado asubuhi ile mdomo ulitoa moshi kama wa jiko. Tulipita kati ya mashamba ya puaro, kabichi na viazi, umande ukalowesha vikwembe mpaka magotini.

Tulipofika mgongoni mwa kilima mawingu yalikuwa bado hayajaamka. Upande wa mashariki, mbali chini, Ziwa Edward liling'aa kama sahani. Na kaskazini-mashariki, jamani, Ruwenzori ilikuwa imesimama wazi, nyeupe kabisa juu. Tuliiona kwa robo saa hivi, kisha ikajifunika. Ndiyo theluji ambayo wazee wetu waliita nzururu. Kilele chake kikubwa, Margherita, kina mita 5,109. Waitaliano walikifikia mwaka 1906 na kukipa jina la malkia wao. Tangu wakati ule barafu yake imepungua sana, juu ya joto la dunia. Kwa upande wetu wa Kongo, njia ya kupanda inaanzia Mutwanga. Tulipokuwa wanafunzi tuliota kuifuata hata siku moja, lakini kwa vita hivi si njia ya matembezi. Tunaitazama kwa mbali. Watoto wetu wanasoma theluji ya Ulaya kitabuni, na hakuna anayewatoa nje kuwaonyesha ile ya kwao. Hapo kosa ni letu sisi walimu.

Tulikula viazi na maharage, tukacheka kama wasichana. Saa saba hivi wingu jeusi lilitokea nyuma yetu. Tulikimbilia chini ya mikaratusi. Muuguzi akatufukuza pale kwa sauti kubwa, sababu radi hupenda miti mirefu. Tuliingia katika kibanda cha shamba, na mara mvua ya mawe ikaanza. Mwanzoni mawe yalikuwa kama punje za mtama, baadaye kama maharage. Hatukusikiana tena. Upepo wa mvua kubwa hurusha matone juu sana, yanaganda, yanaongezeka uzito, halafu yanaanguka. Kwa watu wa bondeni mengi huyeyuka njiani. Sisi tulio karibu na wingu tunayapokea mazima.

Ilipotulia, njia ilikuwa nyeupe, na chini ya weupe ule kulikuwa na matope. Tulishikana mikono ili tusianguke. Hatua kumi hazikuisha: mmoja aliteleza, tukamfuata wote watano, mpaka kwenye mtaro. Hapo ndipo magoti yalipochubuka.

Mama mmoja alikuwa anashuka nyuma yetu na kitunga kimejaa viazi, kamba kwenye paji la uso, miguu bila viatu. Hakucheka, au alicheka ndani. "Walimu, muachane mikono. Mmoja akianguka anavuta wote. Mupite kwa majani pembeni, hatua ndogo, vidole vya miguu vishike udongo." Akatupita. Anapita njia ile siku zote na kilo zake, na hakuna anayemuuliza anatafuta nini kule.

Tulifuata maneno yake mpaka shamba la mwenzetu mkulima. Alisimama pembeni, hakusema kitu. Kabichi zilikuwa na matundu kama chujio, majani ya puaro yamelala chini. Mbegu zile alizinunua kwa mkopo wa AVEC yetu, na marejesho yalikuwa yamebaki wiki tatu. Tulijua, sababu sisi ndio tuliopiga kura apewe.

Baadaye aliinama, akagusa shina moja, akasema: "Puaro ina moyo chini, itarudi. Kabichi hapana. Zikilala hapa siku mbili, zitaoza."

Basi tulivua vikwembe vya juu, tukavitandika, tukakata zilizo na nafuu. Sisi tuliotoka asubuhi bila mzigo tulirudi usiku kila mmoja na mzigo wake, miguu kwenye majani, hatua ndogo ndogo. Kesho yake, baada ya misa, tuliziuza kwa bei ya chini. Fedha haikufika hata nusu ya deni.

Jumatano kwenye mkutano wa AVEC tutaomba mwenzetu aongezewe miezi mitatu, mpaka puaro irudi, bila faini. Sheria yetu inataka faini, tunajua, na kuna wamama watakaosema kwamba mvua ya mawe iliwapiga wao pia. Waje waseme. Atakayetaka kuona shamba kabla ya kupiga kura, tutampeleka Jumanne mchana. Avae viatu vya kushika udongo, au asivae kabisa. Kabichi nane zimebaki nyumbani kwa muuguzi. Zina matundu, lakini zinapikika.