Herufi tatu kwenye darubini ya Mjerumani

Leo tuiache Java kidogo. Binamu yangu amenitumia picha za darubini ya jeshi la Ujerumani inayouzwa mtandaoni. Bei yake ni mshahara wake wa mwezi mzima. Ni ya kweli?

Imechongwa "Dienstglas 6x30" na herufi "blc". Dienstglas ni darubini ya kazi ya jeshi; 6 ni mara inazokuza, 30 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani walificha majina ya viwanda kwa misimbo: blc ni Carl Zeiss wa Jena, beh ni Leitz wa Wetzlar.

Basi imethibitika? La. Sisi waandishi wa programu tunajua kuwa jina la mtumiaji bila nywila halithibitishi kitu. Herufi tatu yeyote huzichonga. Nikakuza picha: rangi ya mwili imechubuka vibaya, lakini herufi zimepita juu ya michubuko, kingo kali, chuma kinang'aa ndani. Mwili mzee, maandishi ya juzi!

Nimemwambia aache. Amenuna, lakini pesa zake anazo.