Deutsch na Abandu: neno la watu, huku na kwetu

Karibu kila darasa kule Kayna, kwetu mashariki mwa Kongo, lina mtoto anayeitwa Thierry. Wazazi hulipenda jina hilo kwa kuwa limezoeleka kanisani na shuleni, na wengi hudhani ni ndugu wa Théodore. Sivyo. Théodore limetoka Kigiriki na maana yake ni zawadi ya Mungu. Thierry ni jina la Kijerumani cha kale lililopitia vinywa vya Wafaransa: mwanzoni lilikuwa Theodoric, mtawala wa watu. Wajerumani wenyewe walilifanya Dietrich, Waholanzi na Waflemi wakalifupisha likawa Dirk, Waingereza wakasema Derek. Nusu yake ya kwanza ndiyo neno lililonifanya niandike leo. Huku Ubelgiji ninakoishi limejificha mahali pengi, na sisi Wanande, au Wayira kama tunavyojiita wenyewe, tunalo neno la maana ileile.

Umbo la kale ambalo wataalamu hulikadiria ni theudo, yaani watu, jamii ya watu. Wagoti walisema thiuda, Waingereza wa zamani theod, na Waisilandi mpaka leo wanasema þjóð. Kutoka hapo likazaliwa neno la kueleza sifa, theudisk, kama sisi tunavyosema "ya watu". Katika maandishi ya Kilatini linaonekana kwa mara ya kwanza mwaka 786. Askofu Georgi wa Ostia alimwandikia Papa Hadriani wa Kwanza habari za sinodi zilizofanyika Uingereza, akaeleza kwamba maazimio yalisomwa kwa Kilatini na pia theodisce, ili wote waliokuwepo waelewe.

Naomba msomaji akae kidogo na taarifa hiyo. Hakuna taifa ndani yake, wala damu, wala mpaka. Kuna mkutano, kuna hati iliyoandikwa kwa lugha ya wasomi, na kuna mtu mwenye busara aliyeona kwamba hati ikisomwa kwa Kilatini peke yake, waliotakiwa kuitii hawatajua imesema nini. Theodisce ilikuwa lugha ya yule asiyesoma. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours, Ufaransa, waliagiza mahubiri yatafsiriwe kwa Kirumi cha wanakijiji au kwa thiotisca. Mwaka 842, pale Strasbourg, wajukuu wawili wa Karoli Mkuu walifunga mapatano mbele ya majeshi yao. Ludwig wa upande wa mashariki aliapa kwa lugha ya askari wa Karl, na Karl aliapa kwa teudisca, lugha ya askari wa Ludwig. Kila mmoja alisema maneno ambayo watu wa mwenzake wangeyasikia na kumshika nayo. Sijui kiapo kingine cha wakubwa kilichofanywa kwa heshima kubwa hivyo kwa walio chini.

Baadaye neno likageuka jina. "Lugha ya watu" ikawa lugha ya watu fulani, kisha watu hao wenyewe, kisha nchi yao. Ndiyo asili ya Deutsch. Waitalia wanasema tedesco, Waswidi tysk. Waingereza walilichukua likawa Dutch, na kwa muda mrefu liliwahusu wote wa bara waliosema lugha za jamii hiyo, kabla halijabanwa kuwahusu Waholanzi tu. Waholanzi nao leo hujiita Nederlanders, na neno lao Duits wamewaachia jirani zao Wajerumani.

Neno hilo lilifika hata Afrika Mashariki, tena kwa bunduki. Pwani Wajerumani waliitwa Wadachi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya jinsi Wadachi walivyotamalaki Mrima, vita vya kuanzia mwaka 1888. Kwa hiyo neno lililoanza kwa maana ya "lugha ambayo kila mtu ataelewa" lilipotua ufukweni mwa Bahari ya Hindi lilimaanisha mgeni mwenye mzinga. Ajabu ni kwamba tayari katika karne ya 4, Askofu Wulfila alipotafsiri Biblia kwa Kigoti, umbo lake thiudisko lilitumika kwa maana ya kuishi kama watu wa mataifa, wasio Wayahudi. Neno la watu lilikuwa na uwezo wa kuwatoa watu nje tangu zamani hizo.

Huku Flandria nimeona kwa macho yangu jinsi lugha, watu na ardhi vinavyofungwa pamoja kwa sheria. Mpaka wa lugha kati ya Waflemi wanaosema Kiholanzi na Wawaloni wanaosema Kifaransa uliwekwa kisheria mwaka 1962 na 1963. Chuo kikuu cha Leuven, ambako Wakongo wengi wamesoma, kiligawanyika baada ya machafuko ya mwaka 1968, upande wa Kifaransa ukahamia mji mpya uliojengwa kwa ajili yake, Louvain-la-Neuve. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa. Waflemi wana sababu zao, nami naziheshimu: kwa vizazi vingi mkulima wao alihukumiwa mahakamani na kuamriwa jeshini kwa Kifaransa asichokijua. Walichotaka kwanza ni kuelewa na kueleweka. Lakini dawa waliyoichagua ni mstari kwenye ramani, na anayevuka mstari huo hubadilisha lugha ya shule, ya ofisi na ya vibao vya barabarani.

Darasani kwa Kiholanzi tulifundishwa neno jingine, mens, yaani mtu. Limetokana na man kwa kuongezwa mkia uleule wa theudisk. Kutoka man hilohilo kuna iemand, mtu fulani, na niemand, hakuna mtu. Lipo pia men, la kusemea bila kumtaja msemaji, kama sisi tunavyosema "batu banasema". Mens halikufungwa. Halina nchi wala bendera, na mpaka leo ni la kila aliyezaliwa na mwanamke. Nalipenda kuliko Volk, neno la Kijerumani la kusema watu, ambalo wanasiasa walilichosha katika karne ya 20.

Sasa turudi kwetu. Kinande tunasema omundu, wingi wake abandu. Msafiri akitoka Kayna akashuka Kanyabayonga hadi Rutshuru atakuta umuntu na abantu. Kinshasa atasikia moto na bato, Kasai muntu na bantu, Zanzibar mtu na watu, kwa Wakikuyu mũndũ na andũ, Cameroon kwa Waduala moto na bato, na huko chini kwa Wazulu umuntu na abantu. Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1827, Wilhelm Bleek, aliyaona maneno hayo yakifanana, na katika sarufi yake iliyoanza kutoka mwaka 1862 akaziita lugha hizi zote Bantu. Huyo alikuwa Deutsch, mtu wa "watu", akatupa sisi jina la "watu". Baada yake Malcolm Guthrie alizipanga kwa herufi na namba: Kinande kikawa D42, na Kiswahili G42. Pale Tervuren, nje kidogo ya Brussels, Achille Meeussen alikusanya mizizi ya zamani ya maneno yetu, na jumba lilelile la Tervuren ndilo lililotoa mwaka 2012 kamusi ya Kinande na Kifaransa ya Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka, wataalamu wetu wenyewe. Ninaifungua mara nyingi, wakati mwingine kwa ajili ya kusikia tu.

Jina la Bleek lilikuwa la lugha, halikuwa la damu. Lakini lilipata njia ya Deutsch. Huko Afrika Kusini serikali ya ubaguzi ililifanya neno la dharau, ikapitisha mwaka 1953 sheria ya elimu ya "Wabantu" ili mtoto mweusi asifundishwe kupita kiasi. Na kwetu Kongo? Mkoani Tanganyika, mapigano ya miaka iliyopita huko Nyunzu na Manono yalitangazwa redioni kuwa vita vya "Bantu na Batwa". Itafsiri kwa lugha yoyote ya kule: watu dhidi ya Batwa. Wenyeji wa msituni tumewaweka nje ya neno mtu, tena kwa sauti ya kawaida ya taarifa ya habari. Kivu yetu nayo ina wanasiasa wanaosema "sisi Bantu" kuwatenga majirani wanaosema Kinyarwanda, wakati Kinyarwanda chenyewe ni lugha ya Kibantu inayosema umuntu wazi kuliko Kiswahili kinavyosema mtu. Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Imewapeleka vijana porini hata hivyo.

Najua Kayna imepitia nini. Mwezi wa 6 mwaka 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Kayna na Kirumba zikafuata. Waliokimbilia Lubero na Butembo na magodoro kichwani ni watu wetu, na hasira yao naielewa. Kuwapinga wenye bunduki ni haki. Ninachokataa ni kumgeuza jirani wa sokoni kuwa kitu kisicho omundu kwa sababu ya lugha aliyonyonya kwa mama yake. Soko la Kayna nililolijua lilikuwa na mama wa Kinande mwenye viazi, mchuuzi wa maharagwe kutoka Rutshuru anayehesabu kwa Kinyarwanda, Muhunde mwenye mbuzi, na askari anayedai bei ya chini kwa Lingala. Wote walipatana kwa Kiswahili chetu, kile cha "mutu" na "batu", bila sheria ya lugha na bila mstari. Katika jambo hilo Kayna iliwatangulia Waflemi, nami huwaambia hivyo marafiki zangu wa Leuven.

Tusijisifu kupita kiasi lakini. Nimesikia nyumbani: "Mu gari mulikuwa batu tano na muzungu moja." Na tunasema "mutu wetu" kwa maana ya ndugu, wa ukoo, wa upande wetu; akiomba kazi "asiye mutu wetu" mlango huwa mzito. Huko ndiko neno linakoanza kufungwa, kabla hata mwanasiasa hajalishika.

Waisilandi wana kitenzi þýða, kutafsiri, na Wajerumani wana deuten, kufafanua. Vyote viwili vinahusishwa na shina lilelile la theudo: kulifikisha jambo kwa watu. Maana hiyo ndiyo ningependa tuilete nyumbani, kwa sababu tulishalipa gharama ya kuikosa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, karibu na Beni, na ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Watu wa riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, walikuja na mabango ya Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni. Mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Butembo: "Mwanangu, wamesema mimi ni kontakti. Kontakti ni ugonjwa gani?" Alidhani ameshahukumiwa kufa. Alikuwa amemsalimia tu jirani aliyeugua, na hakuna aliyemweleza kwa Kinande kwamba ataangaliwa siku 21 kisha aachwe huru. Shirika la Translators without Borders lilichunguza jambo hilo Goma na Beni wakati wa mlipuko, likaonyesha kwamba maneno mengi ya kampeni hayakueleweka na wale waliokusudiwa. Mahali ambapo neno halieleweki, uvumi huingia, na uvumi ulichangia kuwapandisha watu hasira mpaka vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikachomwa moto mwezi wa 2 mwaka 2019.

Askofu Georgi alilijua hili mwaka 786. Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa Kayna, Butembo na Beni, na kwa ndugu zangu wa huku tunaotuma pesa za chanjo, za shule na za wakimbizi. Kila tangazo lisomwe kwa Kifaransa kwa ajili ya faili. Kisha lisomwe kwa Kinande, kwa Kiswahili cha soko, kwa Kinyarwanda kwa wanaokisema, na kwa lugha anayoisikia Mmbuti wa msitu wa Beni. Na anayesoma asitoke hapo kabla bibi wa mstari wa nyuma hajarudia kwa maneno yake mwenyewe alichosikia.